Ukurasa Nilioupiga Mara Mbili

Siku tatu baada ya arubaini ya Maalim Simai, binti yake, Bi Asya, alinipigia simu akaniambia kwamba kuna kitu changu kwao. "Kitu gani?" nikamuuliza. "Wewe njoo tu," akasema. "Baba kaacha usia. Kasema apewe kijana wa Padri." Kijana wa Padri! Nina miaka sabini na ushei, magoti yananilia kila nikipanda ngazi, meno ya juu nimeyaacha hospitali, na bado kuna nyumba moja hapa Mji Mkongwe ambako mimi ni kijana wa Padri. Nilicheka peke yangu na simu mkononi, kisha kicheko kikanikauka. Maalim hakuwahi kuniita jina jingine. Tangu mwaka ule nilipomkosea tulikuwa tukipishana vichochoroni, "Shikamoo Maalim," "Marahaba," basi, kila mtu na njia yake, na jambo lenyewe hatukuligusa hata siku moja. Sikujua kama alinisamehe. Hata siku ya maziko, niliposimama na majirani makaburini nikitazama mchanga unavyomwagwa, nilikuwa bado sijui, na nikajiambia kwamba sasa ndiyo sitajua tena.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa nne baada ya Mapinduzi. Nilikuwa nimemaliza skuli, na Padri Gaspari, mzee wa Kizungu aliyekaa Unguja muda mrefu hata jua likaacha kumshughulisha, alikuwa ameniombea nafasi seminari, huko bara, kwa mwaka unaofuata. Katikati hapo nikae bure? Padri hakuwa mtu wa kuacha mtu akae bure. Alinipandisha chumba cha juu cha nyumba ya mapadri, akanionesha mashine ya taipu, rimu mbili za karatasi, boksi la kaboni, na madaftari manne aliyoyajaza kwa mkono wake mwenyewe. "Benedikto," akasema, "utapiga haya yote. Na pole pole." Mashine ile herufi yake ya k ilikuwa inaruka, na Kiswahili bila ya k kitu gani? Chumba nakiona mpaka leo. Ukuta umevimba kwa unyevu, ukiuegemea unaondoka na chokaa mgongoni. Kitanda cha kamba kisicholaliwa na mtu kimejaa vitabu. Dirisha la mbao linatazama kichochoro chembamba kiasi kwamba mtu wa nyumba ya pili angeweza kukupa chumvi bila ya kutoka kwake. Na kulikuwa na harufu ya kahawa ya Padri, aliyoichemsha mwenyewe kwenye kopo, na ambayo ilikuwa mbaya hasa.

Alichokuwa anafasiri Padri ni maandishi ya padri mwenziwe wa Ulaya, msomi, mtu aliyetaka kanisa lijitazame upya na ambaye wakubwa wake hawakuwa wakimfurahia sana. Jina lake silitaji. Maneno yake niliyapitia kwa vidole zaidi kuliko kwa akili, na sitaki kumsingizia mtu. Aliandika kwamba wakubwa wa kanisa nao wanaweza kukosea na waambiwe wamekosea. Kwamba rehema ya Mungu haikufungiwa ndani ya ukuta wa kanisa, na mtu anayemcha Mungu kwa njia ya wazee wake asihesabiwe kuwa kapotea. Kisha akaendelea kwamba dini zote, ukizipekua, zina mambo machache yaliyo sawa kuhusu namna ya watu kuishi: usiue, usiibe, usiseme uongo, usimvunjie mtu heshima ya nyumba yake. Akataka watu wa dini mbalimbali wakae kitako, waanzie hapo. Sasa mimi nimelelewa kwa katekisimu ya maswali na majibu. Swali, jibu. Swali, jibu. Ukikosea, rula. Nilipiga ukurasa wa kwanza, nikausoma, nikautoa kwenye mashine kama niliyeshika moto, nikaenda kumuuliza Padri kama kitabu hiki kimeruhusiwa. "Bado," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kiswahili cha Padri kiliokotwa bara na kikamkaa hivyo hivyo. Mwenyewe alijua. Alisema kitabu cha kuwaambia watu wa Unguja wakae pamoja hakiwezi kuandikwa kwa lugha ya kuwachekesha, ndipo akamfuata Maalim Simai, jirani wa mlango wa tatu, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani chuoni asubuhi. Maalim alikubali kwa sharti moja, kwamba kazi ifanywe kama anavyoifanya yeye. Chuoni mtu hasahihishi maandishi kwa kujifungia na kalamu. Mmoja anasoma kwa sauti, mwengine ana nakala yake mkononi, anafuata kwa kidole, na neno lisipolingana anamsimamisha msomaji. Basi kila baada ya siku mbili tatu, baada ya sala ya alasiri, tunasikia "Hodi!" ngazini. Maalim anavua makubadhi mlangoni ingawa Padri keshamwambia mara mia asivue, anakaa kiti cha dirishani, na Padri anaanza kusoma. Kidole cha Maalim kinatembea juu ya karatasi. Kila mwisho wa fungu anasema kwa sauti ya chini, "Limo." Kidole kinasonga. "Limo." Likija neno la kibara kidole kinanyanyuka: "Padri, sisi hapa hatusemi hivyo." Mimi niko pembeni na penseli, naandika masahihisho, na kwa wakati ule niliona hakuna kazi duniani iliyo nzuri kuliko hiyo.

Siku moja Padri alipomaliza sura ile ya rehema ya Mungu, Maalim aliweka karatasi zake magotini akamtazama. "Padri, huyu msomi wenu, kwa ufupi, ananambia mie sintochomwa moto."

"Kwa ufupi, ndiyo," akasema Padri.

"Ahsante yake. Lakini kwani mie nlimuuliza?"

Padri alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Hajakujibu wewe, Maalim. Anawajibu wenzake."

"Aa! Basi hayo ni ya chumbani kwenu, mie nifuate kidole changu." Akanywa kahawa, uso ukamkunjamana kama kila siku, lakini hakuirudisha. "Na haya mambo manne, usiue, usiibe, mbona Asya wangu aliyajua kabla hajaota magego? Bwana huyu kazunguka dunia nzima kuja kutuonesha vitu vya ndani ya nyumba yetu."

"Kaandika pia kwamba kuyajua na kuyashika ni mambo mawili, Maalim."

Maalim akazishika tena karatasi zake. "Hapo kasema kweli," akasema. "Hebu isome tena hiyo."

Ilikuwa siku hiyo hiyo, nakumbuka, ilipotoka sauti chini kichochoroni: "Nyie huko juu! Mashine gani hiyo inalia kutwa?" Miaka ile mtu akikuuliza hivyo, humuulizi yeye nani. Padri akachungulia dirishani akasema kwa furaha yake yote, "Kazi ya kanisa, bwana!" Na yule mtu akajibu, "Na Maalim naye kaingia kanisani?" Wapita njia wakacheka. Maalim naye alicheka, lakini niliona amevua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Sikulitia maanani. Nilikuwa na yangu ya kufikiri.

Yangu yalikuwa haya, nayo yalinivuruga kweli kweli. Kama Maalim Simai yuko salama hapo alipo, na msikiti wake na kidole chake, mimi napelekwa seminari kwenda kumwokoa nani? Asubuhi nasali, moyo umetulia. Jioni napiga taipu, utulivu wote wa asubuhi unafumuka. Nilimfuata Padri jikoni siku moja akimenya viazi, nikamuuliza swali hilo kama lilivyo. Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Mimi pia nauliza." Eboo! Padri mzima, mvi kichwa kizima, anakwambia naye anauliza! Nilitaka jibu, hata la rula. Nilitoka pale nimekasirika, nikarudi kwenye mashine, na kwa kuwa nilikuwa nimekasirika nilipiga kurasa nyingi siku ile kuliko siku zote, tena bila ya kosa.

Tukafika sura ya kusema kweli. Ukurasa wa sitini na moja, sitousahau. Msomi yule alikuwa akieleza kwamba dini hazitaaminiana mpaka kila moja iseme makosa yake yenyewe kwa sauti, na Padri alikuwa kaifasiri hivi: Wakristo walinunua watu, na Waislamu walinunua watu, na kila mmoja alitafuta aya ya kujifunika. Nilipiga mstari ule na kaboni zake, Padri akapita akachukua nakala yake, na mimi nikabaki naitazama ya Maalim. Sasa nieleze kitu ambacho mtu wa leo hatakijua. Babu yake Maalim alikuwa Mwarabu wa mashamba. Tangu Mapinduzi watu walikuwa wakimrushia maneno sokoni, "Babu yako kauza wangapi?" na yeye anapita na kikapu chake kama hasikii. Nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu. Mtu anakunywa kahawa yetu mbaya, anatusahihishia kitabu chetu, bure, halafu mimi nimpe karatasi kidole chake kikalipapase neno hilo? Siyo malezi. Kwetu mtu humtajii aibu yake usoni, hata kama mji mzima unaijua. Nikatia karatasi mpya, nikaupiga upya ukurasa mzima kwa ajili ya Maalim peke yake: Wakristo walinunua watu, na kila mmoja alitafuta aya ya kujifunika. Nukta. Nikajipa moyo kwamba jambo likizuka nitasema nimesahau. Na msinicheke: nilijiona mstaarabu. Sura yenyewe ya kusema kweli, na mimi hata sikuona kitu.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku tuliyousoma. Padri alikuwa na mafua, anasoma na kupenga. "Wakristo walinunua watu," akasoma, na kidole cha Maalim kikatembea, "na Waislamu walinunua watu," na kidole kikasimama.

"Padri," akasema Maalim. "Neno hilo kwangu halimo."

Padri akarudia. Maalim akainama karibu na karatasi, akainuka. "Halimo." Kisha, bila ya kunigeukia, "Nani kapiga ukurasa huu?"

"Mie, Maalim."

"Umesahau?"

Alinifungulia mlango kwa upole, nami nikapita mbio. "Nimesahau, Maalim."

"Umesahau," akasema. "Umesahau maneno manne, ukasahau palepale pa kukatia, na mstari ukabaki mzima hauna kovu." Padri akavua miwani akaniangalia, na uso wake ukanionesha kwamba ameelewa yote. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini tulikuwa ghorofani. "Kijana," akasema Maalim, "babu yangu alinunua watu. Mtaa unajua, na mie najua. Ulidhani nnahitaji kukingwa na taipu? Ungelinitukana ningelikujibu. Huku kunionea huruma sina jibu lake." Akazipanga karatasi zake, akaziweka juu ya kitanda cha kamba, akasimama. "Padri, mie kwangu kazi imekwisha."

"Maalim, tafadhali, kaa," Padri akasema. "Kosa ni la kijana."

"Naam," akasema Maalim, akivaa makubadhi. "La kijana." Tukamsikia akishuka ngazi moja moja, na mvua inanyesha, na hakungoja ikatike.

Wiki iliyofuata mwezi ukaandama, Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza, jua linapotua, hodi mlangoni, Asya, msichana wa umri wangu au mdogo kidogo, na sahani ya bati yenye maua imefunikwa kawa. "Mama anakusalimuni. Futari hii." Kama kila mwaka! Ndani muhogo wa nazi, kipande cha nguru, na kaimati tano zinazong'aa sukari. Padri akaniangalia, nikamwangalia. Mtu aliyekukasirikia anakuletea kaimati? Tulikula, na kaimati ya tano hakuna aliyeigusa. Sasa sahani ya jirani hairudishwi tupu, hilo hata Padri alijua. Asubuhi yake akaweka papai la uani mwetu, na chini ya papai akaweka sura inayofuata, karatasi ishirini zimefungwa kamba. "Peleka," akasema. "Akizisoma, akiziacha, hiari yake. Na wewe una lako la kusema." Nikachukua na ule ukurasa wa sitini na moja wa Padri, nikautia mfukoni, sijui kwa nini.

Maalim alikuwa ukumbini juu ya mkeka, amenyoosha miguu, midomo imemkauka kwa saumu. Kutoka jikoni nilikuwa nasikia Bi Mize, mkewe, akikuna nazi za jioni. Nikaamkia, akaitikia. Nikaweka sahani chini. Nikasema nimekuja kumuomba radhi, nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujichanganya, mara nimefanya kwa heshima, mara nimefanya kwa woga, mara sijui. Akanyoosha mkono kunikatiza. "Lile neno ulilolificha, unalo?"

"Nnalo, Maalim."

"Lisome."

Nikatoa karatasi, nikasoma. Sauti ilinitoka kama ya mtoto wa siku ya mwanzo chuoni.

"Rejea," akasema.

Nikarejea. Nilipofika "na Waislamu" nikajikuta nashusha sauti.

"Rejea."

Sauti ya kukuna nazi ikakatika huko jikoni. "Simai," akasema Bi Mize kutoka ndani, "unamtesea nini mtoto wa watu?" Na Maalim akamjibu kwa ukali ambao sikupata kuusikia kwake, "Nyamaza, Mize. Hulijui hili." Nikasoma mara ya tatu, nikaangalia ukuta, nikalisema neno lote kwa sauti moja, tangu Wakristo mpaka kujifunika. Maalim akafumba macho. Nilingoja aseme amenisamehe, au aseme hatonisamehe, lolote. "Haya," akasema. "Nenda." Papai akaliona, karatasi hakuziangalia.

Mwezi mzima ulikwenda hivyo. Jioni sahani inakuja, asubuhi sahani inarudi na papai na karatasi chini yake, na hakuna hata karatasi moja iliyorudi kwetu. Sahani inasema hivi, karatasi zinasema vile, na mimi katikati nisijue nisikilize lipi. Baada ya sikukuu nikamwambia Padri siendi seminari. Alikuwa ameshanunua sanduku langu, la bati, jekundu. "Kwa ukurasa mmoja?" akasema.

"Kwa ukurasa mmoja, Padri. Nimesema uongo kwa mkono, nikausema kwa mdomo, mbele ya watu wawili ninaowaheshimu kuliko wote. Na niliposema nilijiona mtu mwema. Huyo ndiye atasimama altareni?"

"Ingekuwa uongo unazuia upadri," akasema Padri, "altare zote zingeota utando wa buibui." Lakini sikucheka, na yeye hakunilazimisha. Sanduku nilichukua, nikaenda nalo Makunduchi kusomesha skuli. Padri alihamishiwa bara mwaka uliofuata, akafia huko. Kitabu wakubwa wake walisema kingoje, na nadhani mpaka leo kinangoja. Mimi nimeoa, nimezaa, nina wajukuu wanaonipanda kichwani. Siwezi kusema maisha yangu yalipotea. Mke wangu angenipiga. Lakini kila Ramadhani, nikiona sahani inapita kichochoroni na kawa juu yake, napunguza mwendo mpaka niione imeingia mlango gani.

Basi nikaenda kwa Bi Asya. Ukumbi ni ule ule, mkeka mwengine. Akanitilia chai, akaniwekea mkate wa kumimina kwenye sahani, na sahani, wallahi, ilikuwa ile ile ya maua, imebanduka ukingoni. Kisha akaleta bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na karatasi zangu. Zote! Kila sura niliyoipeleka chini ya papai, k zinazoruka, kaboni iliyofifia, na kila ukurasa umesahihishwa kwa kalamu ya kijani, mpaka wa mwisho. Nikautafuta ukurasa wa sitini na moja, ule alioupanga akauacha juu ya kitanda cha kamba siku ile. Kumbe Padri alimpelekea baadaye. Pembeni mwa mstari nilioukata kimebandikwa kijikaratasi, na maneno manne yameandikwa hapo kwa mkono wake. Na nyuma ya ukurasa kulikuwa na maandishi marefu ya herufi za Kiarabu, ambazo sizijui.

"Hayo ni ya kwako," akasema Bi Asya. "Kaniusia nikusomee mwenyewe." Akavaa miwani, akasoma:

"Kijana wa Padri. Siku mbili kabla ya kusoma ukurasa huu niliitwa tawi la chama, nikaambiwa kukaa kwa Padri basi, la sivyo Padri atarejeshwa kwao na mimi nitaoneshwa pa kulala. Nikimwambia Padri, namjua, angekwenda kugombana nao. Nikawa natafuta sababu ya kutoka ambayo hataiuliza. Ukaja wewe na ukurasa wako. Sikukasirika kwa lile neno. Nilicheka moyoni nilipoona ulivyoliruka. Lakini nilinyanyuka kama mtu aliyekasirika, na Padri aliposema kosa la kijana, nami nikasema la kijana. Ulipokuja nyumbani nilitaka kukwambia, nikaogopa utamwambia. Nikakusomesha badala ya kukwambia. Nilisema ngoja mambo yatulie. Yakatulia, nikasikia umeacha seminari, nikaona haya. Kila nikikuona njiani naona haya zaidi. Kitabu nimekimaliza, ni kizuri. Niwie radhi."

Chai yangu ilikuwa imepoa. Nilijiona mwepesi, kisha nikajiona mjinga, kisha nikakasirika, nikakasirika hasa, mzee mzima na mkate mkononi. Alimkinga Padri, sawa. Na mimi? Nilikuwa na miaka ishirini! Angeninong'oneza neno moja tu, moja, katika Shikamoo zote zile. Kisha nikakumbuka ile kofia aliyoivua akaitazama ndani, na hasira ikakosa pa kushika, ikarudi, ikakosa tena. Bi Asya alikuwa ananingoja. Nilijua anangoja nini. Marehemu anaombewa radhi kwa waliobaki, na mtoto ndiye anayelipokea hilo neno. Nikaweka mkate chini, nikasema kama inavyopasa kumwambia mfiwa, "Nshamsamehe, Bi Asya. Zamani."

Akaniangalia juu ya miwani. "Zamani ya lini, Benedikto, na barua nimekusomea sasa hivi?"

Nikahisi uso umenipata moto kama siku ile ghorofani. Miaka yote hii, na bado nasahau palepale. "Basi isome tena," nikamwambia.

Akaisoma, pole pole, mpaka mwisho.

"Rejea," nikasema.

Akarejea. Alipofika "la kijana" alishusha sauti, akaendelea. Nje watoto walikuwa wanatoka chuoni, wanapiga kelele. Nikasikiliza mpaka neno la mwisho, nikajitazama ndani kadiri nilivyoweza, nikasema, "Bado, Bi Asya. Nataka, lakini bado. Ntakuja tena Ijumaa."

Akaikunja karatasi, akaitia mkononi mwangu, akaichukua ile sahani kwenda kuniongezea mkate.

"Hilo limo," akasema.